Proteorodopsini ndani ya E. coli: seli ni za pinki, taa inawaka, lakini pH haishuki

NyuziMwanga

Wakuu, salaam. Naomba macho ya ziada hapa.

Lengo ni kupata bakteria wenye pampu ya protoni inayoendeshwa na mwanga, niweze kuiwasha na kuizima nitakavyo, na baadaye nguvu hiyo ya protoni izalishe ATP (sarafu ya nishati ya seli) wakati seli hazina chakula. Protini ni proteorodopsini ya kijani, ya wale bakteria wa bahari wa kundi la SAR86 walioripotiwa kutoka Monterey Bay mwaka 2000. Jeni imeandikwa upya kwa kodoni zinazopendwa na E. coli, ina mkia wa histidini sita mwisho wa C, na iko kwenye plasmidi ya pBAD, inayowashwa na arabinosi.

Ninavyofanya: chakula cha LB 50 ml kwa 37 °C. OD600 (kipimo cha wingi wa seli) ikifika 0.5 naweka arabinosi 0.2% na retinali 10 µM (rangi inayofyonza mwanga ndani ya protini), kisha saa 4 gizani. Nazungusha kwenye sentrifuji kwa 4,000 g dakika 10, naosha mara moja kwa PBS, halafu nachanganya mashapo na NaCl 100 mM yenye bafa ya HEPES 5 mM, pH 7.2, hadi OD 5, jumla 10 ml. HEPES niliiweka kwa sababu bila hiyo kipimo kilikuwa hakitulii. Taa ni LED za 525 nm, na kwenye ukuta wa bika napata 8 mW/cm².

Mashapo ni ya pinki kabisa. Yale yasiyopewa retinali yana rangi ya maziwa. Lakini nikiwasha taa kwa dakika tano pH inashuka kwa 0.01, siku nyingine inapanda kidogo. Seli zisizo na retinali nazo zinacheza hivyo hivyo.

Maswali mawili. Kwanza, pampu imekufa au kipimo ndicho kibovu? Pili, ikishafanya kazi, nibadilishe asidi amino zipi ili nipate udhibiti wa rangi, na je, inawezekana kuamsha jeni kwa mwanga wa buluu na kuendesha pampu kwa mwanga wa kijani katika seli ileile?

---

Mzee_wa_Bafa

Mkuu, pampu yako huenda iko hai. Umeiziba mdomo kwa HEPES.

Piga hesabu. HEPES ina pKa (pH ambayo nusu yake imebeba protoni) ya karibu 7.5. Ikiwa 5 mM kwenye pH 7.2, inahitaji protoni zipatazo 2.5 mM ili pH ishuke kwa 1 nzima. Seli za OD 5 zikisukuma nje protoni 30 µM, jambo ambalo si dogo kwao, pH itashuka kwa 0.012. Ndiyo hiyo 0.01 unayoiona, na imezama kwenye kelele za kipimo. PBS nayo ina fosfati 10 mM, na kuosha mara moja kunaacha mabaki ndani ya mashapo.

Fanya hivi:

Osha mara tatu, si mara moja, kwa chumvi tupu isiyo na bafa. NaCl 100 mM inatosha. Wengine hutumia NaCl 10 mM, MgSO4 10 mM na CaCl2 0.1 mM, ambayo seli huivumilia vizuri. Usiweke glukosi. Seli zenye glukosi hutoa asidi zenyewe, na mteremko wa pH utaufunika ule wa mwanga. Vilevile kwenye pBAD glukosi huzima promota, kwa hiyo isiwepo hata kwenye chakula cha kuoteshea.

Rekebisha pH hadi 7.5–8 kwa matone ya NaOH 10 mM. Sababu yake si ya kipimo, ni ya protini yenyewe: aspartati namba 97, ndiyo inayopokea protoni kutoka kwenye retinali, ina pKa ya karibu 7.5. Chini ya hapo nyingi zinakuwa tayari zimeshabeba protoni, hazina nafasi ya kupokea nyingine. Hata rangi utaiona ikihama, protini inafyonza karibu na 520 nm kwenye alkali na karibu na 545 nm kwenye asidi. Watu wengi huzoea bakteriorodopsini (pampu kama hii ya vijidudu vya chumvi), ambayo aspartati yake ya 85 ina pKa ya chini sana, halafu wanashangaa kwa nini hii ya baharini inagoma kwenye pH 6.

Acha bika gizani likikorogwa dakika 20 hadi 30 mpaka mstari unyooke. Ule msukosuko uliokufanya uweke HEPES una vyanzo vitatu vya kawaida: hewa ya kaboni dioksidi inayoyeyuka ndani ya maji, seli zinazomalizia akiba yao, na joto. Puliza nitrojeni au agoni taratibu juu ya maji, usipulize ndani yake. Hiyo inaondoa kaboni dioksidi, na oksijeni pia, ambayo kuna mtu hapa chini ataizungumzia bila shaka.

Kabla ya kuwasha taa, pima uwezo wa bafa wa mchanganyiko wako. Weka HCl 10 mM, 10 µl kwenye 10 ml. Hiyo ni 10 µM ya protoni. Ikiwa pH imeshuka kwa 0.025, kila 0.1 utakayoiona baadaye ni protoni 40 µM. Bila namba hii, mchoro wako wa pH ni picha tu, hauwezi kuulinganisha na wa kesho.

---

HesabuZaFotoni

Naunga mkono, na naongeza taa. 8 mW/cm² ni mwanga mdogo kwa pampu hii.

Fotoni moja ya 525 nm ina nishati ya 3.8 × 10⁻¹⁹ J. Kwa hiyo 10 mW/cm² ni fotoni 2.6 × 10¹⁶ kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde. Proteorodopsini ina mgawo wa ufyonzaji wa karibu 45,000 kwa mola kwa sentimita, sawa na eneo la 1.7 × 10⁻¹⁶ cm² kwa molekuli. Zidisha: kila molekuli inapigwa na fotoni kama mara 4.5 kwa sekunde. Si kila fotoni iliyofyonzwa inakamilisha mzunguko, chukua nusu. Una protoni mbili na kitu kwa sekunde kwa molekuli, tena kwa seli zilizo mbele kabisa.

Protini yenyewe inamaliza mzunguko wake ndani ya makumi ya milisekunde, maana yake ingeweza kwenda mara kumi zaidi. Kinachokubana ni taa. Panda hadi 50 au 100 mW/cm² ndipo utakuwa karibu na ukomo wa protini.

Halafu kuna suala la kivuli. OD 5 kwenye bika la upana wa sentimita tatu ni maziwa. Seli za katikati ziko kwenye giza. Tumia chombo chembamba, kyuveti ya 1 cm, LED pande mbili, na korogeo dogo la sumaku. Ukishusha OD hadi 2 unapata mwanga sawasawa lakini unapoteza ukubwa wa mabadiliko ya pH. OD 5 kwenye 1 cm ni suluhu ya kati inayokubalika.

Tahadhari mbili za taa kali. Kwanza joto: LED yenyewe haitoi infraredi nyingi, lakini bamba lake linachemka. Weka feni nyuma ya bamba na chombo cha maji safi kati ya taa na kyuveti, kisha weka kipima joto ndani ya mchanganyiko. Ikiwa joto linapanda zaidi ya nusu digrii katika dakika mbili, hicho unachopima hakiaminiki. Pili, elektrodi ya pH yenyewe inahisi mwanga, hasa ile fedha yenye kloridi ya fedha ndani yake. Ivalishe foili ya jikoni mpaka karibu na ncha, na ufanye jaribio moja la chumvi tupu isiyo na seli ukiwasha na kuzima taa. Mstari usicheze. Ukicheza, tatizo si baiolojia.

---

Utando_Imara

Wote mmerukia kwenye kipimo. Mimi ningeuliza kwanza: protini ni kiasi gani kwa seli? Pinki ni ishara njema, si namba. Retinali iliyoganda kwenye mafuta ya utando bila kushika protini ina rangi ya njano, kilele chake kiko karibu na 380 nm, hivyo pinki yako si ya bure. Lakini pinki ya molekuli 5,000 kwa seli na ya 60,000 jicho halizitofautishi kwenye mashapo mazito.

Namna rahisi isiyohitaji kusafisha protini ni haidroksilamini. Pasua seli kwa mawimbi ya sauti kwenye barafu au kwa presha, ongeza haidroksilamini hadi 50 mM ikiwa imesawazishwa pH 7.5 (ile ya dukani ni chumvi ya asidi, usiimimine hivyo hivyo), kisha chukua spektra gizani. Washa taa ya zaidi ya 500 nm, chukua spektra kila baada ya dakika chache. Mwanga unafungua protini, haidroksilamini inanyakua retinali, kilele cha 520 kinazama na kingine kinainuka karibu na 360. Toa spektra moja kwenye nyingine. Mtawanyo wa mwanga unajifuta wenyewe, kilichobaki ni protini yako peke yake.

Mfano: seli 2 × 10¹⁰ kwa ml (ukichukua OD 1 kuwa 8 × 10⁸, hiyo ni OD 25), na kilele kimezama kwa 0.09. Gawanya kwa 45,000, unapata 2 µM. Hiyo ni molekuli 1.2 × 10¹⁵ kwa ml, sawa na 60,000 kwa seli. Ukiwa chini ya 10,000 usihangaike na taa, rudi kwenye uoteshaji.

Kwenye uoteshaji, makosa ninayoyaona mara nyingi kwa protini za utando:

Arabinosi 0.2% ni nyingi. Mlango wa kuingizia protini kwenye utando unaziba, protini inajikunja vibaya na kuwa madonge yasiyoshika retinali. Jaribu 0.02% na ushushe joto hadi 25–30 °C baada ya kuamsha. Ikiwa unatumia mfumo wa T7 wa kuamsha jeni badala ya pBAD, aina ya E. coli iitwayo C43(DE3) hustahimili kuliko BL21(DE3) ya kawaida, ndiyo sababu Miroux na Walker waliichagua mwaka 1996 kwa protini zinazoua seli.

Retinali: akiba ya 10 mM kwenye ethanoli ni 2.84 mg kwa ml. Iandae chini ya taa nyekundu, gawa kwenye vichupa vidogo, funika kwa agoni, hifadhi −80 °C. Kichupa kilichofunguliwa mara tano na kikaachwa mezani ni cha kutupa. Ipime: kwenye ethanoli kilele ni karibu na 380 nm, mgawo karibu 43,000. Kilele kikisogea kwenda 325 nm, hiyo imeshakuwa retinoli. Weka wakati uleule unapoamsha jeni, si mwisho, maana protini tupu isiyo na retinali haitulii kwenye utando. Seli zenyewe zina kimeng'enya, YbbO, kinachoigeuza retinali kuwa retinoli, hivyo kwa uoteshaji wa usiku kucha ongeza dozi ya pili ya 5 µM katikati.

Na ukiendesha jeli, usichemshe sampuli. Protini za namna hii zikichemshwa zinashikana na kubaki juu ya kisima, halafu mtu anaandika kwamba hakuna protini. 37 °C nusu saa inatosha.

---

Mzee_wa_Bafa

Hapo kwenye YbbO umenikumbusha, wengine huifuta hiyo jeni kabisa wanapotaka seli zijitengenezee retinali. Tutafika huko.

---

PumziKwanza

Kuna jambo hamjaligusa vizuri. Seli zenye oksijeni tayari zina nguvu ya protoni ya kutosha kutoka kwenye upumuaji, kwa kawaida zaidi ya mV 150. Ukiwasha taa, pampu inasukuma dhidi ya ukuta uliokwisha jaa. Ndiyo maana kazi ya mwaka 2007 ya Walter na wenzake pale Berkeley, walioonyesha mkia wa kuogelea wa E. coli ukizunguka kwa nguvu ya mwanga, iliziba upumuaji kwanza kwa azidi. Bila kuziba, mwanga ulikuwa hauongezi kitu cha maana.

Kwa hiyo ongeza azidi ya sodiamu, au ondoa oksijeni.

---

Utando_Imara

Azidi nina wasiwasi nayo, si kwa sababu haifanyi kazi. Inaziba pia SecA (mashine ya kusafirisha protini) na upande wa ATPase unaovunja ATP, kwa hiyo ukifika kwenye hatua ya kupima ATP utakuwa unasoma mambo matatu kwa pamoja. Halafu kuna usalama: ikikutana na asidi inatoa hewa ya sumu kali, na ikimwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi inatengeneza chumvi zinazolipuka. Takataka zake zina chupa yake, zikiwa alkali.

Kuondoa oksijeni ni bora. Na msitumie glukosi oksidasi kwenye jaribio la pH! Inakula oksijeni vizuri sana lakini inatema asidi ya glukoniki. Utaona pH ikishuka kwa uzuri, utafurahi, na itakuwa si pampu. Agoni juu ya kyuveti iliyofunikwa inatosha. Seli za OD 5 zenyewe zinamaliza oksijeni iliyobaki ndani ya dakika chache.

---

PumziKwanza

Nakubali kwa jaribio la pH. Kwa kuangalia mkia chini ya hadubini bado ningetumia azidi, maana pale huwezi kupuliza agoni kirahisi.

Kitu kingine kinachofanana na upumuaji: umeme. Pampu ikitoa protoni bila ioni nyingine kuifuata, volteji inapanda haraka na protoni zinarudi ndani. Mstari wa pH utashuka sekunde 20 halafu unalala. Hilo si kosa, ndivyo pampu inavyofika kwenye mizani. Ukitaka kuona mwendo wake halisi, vunja volteji: valinomaisini (inayopitisha potasiamu kwenye utando) pamoja na KCl. E. coli ina utando wa nje unaozuia valinomaisini, kwa hiyo loweka seli kwanza kwenye bafa ya Tris na EDTA 1 mM dakika chache, kisha uoshe hiyo Tris itoke yote. Asiyetaka usumbufu huo asome mteremko wa sekunde 10–20 za mwanzo tu na asijali ukubwa wa mwisho.

Na kontroli zisizokosekana ni tatu. CCCP 10 µM: inatoboa utando kwa protoni, mabadiliko yote ya mwanga lazima yapotee. Seli zenye jeni bila retinali. Na D97N, yaani ile aspartati ya kupokea imegeuzwa kuwa asparajini. Hiyo ya tatu ndiyo bora, kwa sababu inashika retinali, ina rangi, inafyonza mwanga na joto lilelile, ila haisukumi protoni. Ikikuonyesha mteremko, unapima joto.

---

NyuziMwanga

Asanteni sana. Nimerudi na namba.

HEPES nimeiondoa, nimeosha mara tatu, pH ya kuanzia 7.7, kyuveti ya 1 cm, agoni juu, taa pande mbili jumla 60 mW/cm². Kwa haidroksilamini nimepata molekuli karibu 60,000 kwa seli (arabinosi 0.02%, 28 °C). Uwezo wa bafa kwa kupima na HCl ni 0.4 mM kwa kila pH moja.

Taa ikiwaka pH inashuka 0.05 kwa sekunde 20 za mwanzo, inalala kwenye 0.11 baada ya dakika mbili. Nikizima inarudi polepole kwa dakika tatu hivi. CCCP inafuta kila kitu. Bila retinali: 0.00. D97N inashuka 0.015 kwa dakika mbili, haina mlalo, inateremka tu kama mlima.

---

HesabuZaFotoni

Hapo sasa tunaongea. Hiyo ya D97N ni joto, toa kwenye matokeo yako na uongeze feni.

Mwendo wako: 0.05 × 0.4 mM ni 20 µM kwa sekunde 20, yaani 1 µM kwa sekunde. Ni protoni 6 × 10¹⁴ kwa ml. Seli ni 4 × 10⁹ kwa ml. Kila seli inatoa protoni 150,000 kwa sekunde, kila molekuli 2.5. Kwa 60 mW/cm² kinadharia ungetarajia kama 13 mbele ya kyuveti, lakini toa kivuli, toa volteji inayoanza kusukuma nyuma tangu sekunde za kwanza. 2.5 ni namba ya heshima.

Sasa usijidanganye kuhusu ATP. Sinthasi ya ATP (kimeng'enya kinachotengeneza ATP) ya E. coli ina duara la vipande 10 vya c na inatoa ATP 3 kwa mzunguko, kwa hiyo protoni 3.3 kwa kila ATP. 150,000 gawanya kwa 3.3 ni ATP 45,000 kwa sekunde, tena hizi ni mwendo wa mwanzo. Seli inayokua kwa kasi inatumia mamilioni kwa sekunde. Una kama asilimia moja. Mwanga hautaiotesha E. coli. Utaifanya iliyolala njaa ichelewe kufa. Hata baharini picha ni hiyo: kazi ya mwaka 2010 kwa Vibrio AND4 ilionyesha faida ya proteorodopsini wakati wa njaa, si wakati wa shibe. Panga jaribio lako kwenye njaa: hesabu seli hai baada ya siku 3, 5, 10 kwenye mwanga na gizani.

---

Rangi_Mbili

Niingie kwenye swali la pili, ambalo nadhani limepangwa vibaya tangu mwanzo.

Unataka buluu iamshe jeni na kijani iendeshe pampu. Rodopsini hazina kilele chembamba. Upana wake kwenye nusu ya kimo ni karibu nm 100. Ile yenye kilele 520 bado inafyonza sana kwenye 470. pDawn, swichi ya jeni ambayo inaamshwa na 470 nm na haihitaji kuongezewa rangi yoyote kwa sababu inatumia flavini ya seli yenyewe, itawasha jeni na pampu kwa pamoja. Swichi nyingine, CcaS/CcaR, ni mbaya zaidi kwa kesi yako: inaamshwa na kijani cha 535 na kuzimwa na nyekundu ya 672. Kijani ndicho chakula cha pampu.

Kuna njia tatu za kutoka.

Ya kwanza ni kutenganisha kwa wakati. Arabinosi kwanza, osha, kisha taa. Haipendezi kuandika kwenye pendekezo la utafiti lakini inafanya kazi kesho asubuhi.

Ya pili ni kuhamia nyekundu. Cph8, swichi ya jeni iliyoripotiwa mwaka 2005, inazima jeni kwa 650 nm na kuiachia gizani. Proteorodopsini karibu haioni 650. Kwa hiyo: giza, jeni inafanya kazi, nyekundu, jeni inazimwa, kijani wakati wowote, pampu. Gharama yake ni jeni mbili zaidi, ho1 na pcyA, za kutengeneza rangi ya fikosianobilini, na seli isiyo na envZ yake ya asili. Kumbuka kijani kikali nacho kinaigusa Cph8 kidogo, kwa hiyo pima mwingiliano huo peke yake kabla ya kuunganisha.

Ya tatu ni kuhamisha pampu yenyewe. Namba 105 ndiyo swichi ya rangi: lusini kwa zile za kijani, glutamini kwa zile za buluu za 490 nm. L105Q (lusini ya 105 kugeuzwa glutamini) inabeba sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Ila rodopsini za buluu za asili zina mzunguko wa polepole kama mara kumi, hivyo utakuwa umenunua rangi kwa mwendo. Ukitaka kwenda upande mwingine, rodopsini ya Gloeobacter ina kilele 541, inaota vizuri ndani ya E. coli, na ingekupa nafasi kidogo zaidi dhidi ya 470. Kidogo, si nyingi.

E108Q usiiguse kwa ajili ya udhibiti wa rangi. Glutamati 108 ndiyo inayorudisha protoni kutoka ndani ya seli. Ukiitoa, mzunguko unakwama na pampu inakuwa ya kobe. Inafaa kama kontroli ya pampu dhaifu, basi.

Na D97N yako usiitupe baada ya kontroli. Hiyo haisukumi protoni lakini mng'ao wake hubadilika na volteji ya utando. Kohen na wenzake, mwaka 2011, waliitumia kuona E. coli zikipiga mapigo ya umeme. Mng'ao ni hafifu sana, unahitaji leza nyekundu na kamera nzuri, kwa hiyo si ya maabara ya kila mtu.

---

PumziKwanza

Marekebisho madogo: jina la kiongozi wa kundi hilo huandikwa Cohen, na mwandishi wa kwanza ni Kralj. Mengine sawa.

---

Rangi_Mbili

Sawa, vidole vyangu.

Niongeze moja kwa wanaofikiria mfumo usio na seli. Udhibiti wa rangi mbili uliopendeza zaidi ulifanyika kwenye vifuko vya mafuta, mwaka 2018: fotosistimu II (mashine ya mwanga ya mimea) na proteorodopsini pamoja na sinthasi ya ATP kwenye utando mmoja. Nyekundu inasaidia utengenezaji wa ATP, kijani kinauzuia. Wazo lenyewe la pampu ya mwanga na sinthasi ya ATP kwenye kifuko kimoja ni la Racker na Stoeckenius, 1974. Kinachowashinda wengi kwenye vifuko ni mwelekeo: nusu ya protini zikitazama ndani na nusu nje, zinafutana, na pH haisogei hata kama kila molekuli ni nzima. Ndani ya E. coli tatizo hilo hulioni kwa sababu seli inaingiza protini upande mmoja tu, N ikiwa nje. Kwa hiyo usipachike chochote kizito chenye chaji kwenye mwanzo wa N. Kipande chako cha kung'aa kiweke mwisho wa C, na kiwe chekundu. Mng'ao wa GFP (ile protini ya kijani inayong'aa) uko palepale rodopsini inapofyonza, hivyo retinali ikiingia GFP inafifia na utadhani protini imepungua.

Kwa asiyetaka protoni: rodopsini ya KR2 inasukuma sodiamu nje, halorodopsini ya Natronomonas pharaonis inaingiza kloridi. Huyo wa mwisho ametoka Wadi Natrun, Misri, kwenye maziwa ya magadi, na jamaa zake wapo Ziwa Magadi hapa Kenya. Ule wekundu wa maji ya chumvi si wa mwani peke yake.

---

NyuziMwanga

Nimeelewa, naanza na arabinosi kisha taa, Cph8 baadaye. Swali la mwisho: retinali ya kununua ni ghali. Nikiweka jeni za kuitengeneza, nipoteze nini?

---

Utando_Imara

Unahitaji crtE, crtB, crtI, crtY mpaka beta-karotini, halafu blh inaikata katikati kuwa retinali mbili. Mwaka 2007 Martinez na wenzake walionyesha kundi hili likifanya kazi ndani ya E. coli pamoja na pampu yenyewe. Unachopoteza ni usafi wa rangi. Seli zitakuwa za chungwa kwa beta-karotini iliyobaki, nayo inafyonza 450–480 na kuficha kilele chako, kwa hiyo pima kwa haidroksilamini tu. Kukata beta-karotini kunataka oksijeni, hivyo otesha na hewa nyingi kwanza, ondoa hewa wakati wa kupima. Promota ya crt iwe dhaifu kuliko ya rodopsini. Ukiipa nguvu sana, utando unajaa karotini na seli zinakua kwa kuchechemea. Usisahau kufuta ybbO.

Kwa majaribio ya 10 ml, nunua. Kwa 50 ml × 10 µM unatumia 0.14 mg. Kichupa cha 100 mg kitakufikisha mbali, mradi usikiache mezani.

---

HesabuZaFotoni

Na ukipima ATP kwa lusiferasi (kimeng'enya kinachong'aa kikila ATP), mimina asidi ya kuua seli taa ikiwa bado inawaka. Ukizima taa kwanza ndipo uchukue pipeti, ile ATP imeshaliwa.